Ghorofa Moja ya Nyongeza

"Fomeni, tupandishe moja tu." Nimesimamia kazi za ujenzi Dar es Salaam tangu enzi za kupandisha zege kwa ndoo na karai, na ombi hilo nalisikia hadi leo. Anayeomba mara nyingi si mtu mbaya. Anakiona kibali cha ujenzi kama risiti ya manispaa: ukishalipa, umemaliza.

Kumbe ndani ya kibali mna hesabu. Mhandisi amepima udongo, amekadiria uzito wa kila sakafu pamoja na watu na mizigo yao, ndipo akapanga unene wa nguzo na idadi ya nondo. Ukiongeza ghorofa juu, mbebaji ni nguzo ya chini kabisa, ambayo zege lake lilishakauka zamani.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, jijini humu, lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikwishapita hapo. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani.

Hata kwenye jengo lenye kibali safi, haraka inaua. Zege la siku 7 huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Kipimo kamili husomwa siku ya 28. Kwa hiyo tukimwaga slabu tunajaza na viboksi vya milimita 150, sampuli ziende maabara zikabanwe hadi zipasuke. Anayeng'oa mirunda mapema ili aihamishie ghorofa ya juu anacheza na roho za watu. Kadhalika anayeongeza maji ili zege limwagike kirahisi: maji yale yakikauka huacha vitundu, na nguvu hupungua.

Anayelipa kwanza ni saidia fundi, kibarua wa siku aliyekuja na ndala. Nikimpa kofia ngumu ananiambia, "Mkubwa, hii inaniletea joto." Namjibu aivae au arudi nyumbani. Lakini kofia haimsaidii aliyetumbukia kwenye shimo la lifti. Shimo hilo lifunikwe kwa mbao zilizopigiliwa misumari, kingo za slabu ziwekewe vizuizi, jukwaa likaguliwe kabla mtu hajapanda, na kuta za mtaro wenye kina kirefu zishikiliwe zisiporomoke.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi kwa wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, na awape watu wake vifaa vya kinga. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mwajiri achangie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wa mtu.

Wewe unayejenga, ukitamani ghorofa ya ziada, mrudie mhandisi apige hesabu upya, kisha uombe kibali kingine. Akisema msingi haubebi, mwamini. Nawe jirani au mpangaji, tafuta kibao cha mradi chenye majina ya mkandarasi na mhandisi. Usipokiona, nenda manispaa ukaulize kabla ghorofa ya pili haijapanda.