Usomaji wa Zamani katika Shajara na Barua

Historia ya usomaji mara nyingi huandikwa kutokana na tarehe za uchapaji, orodha za maktaba na hesabu za wanafunzi, lakini kumbukumbu za namna hiyo hueleza tu vitabu vilivyokuwapo, wala hazisemi ni vipi vilivyofunguliwa, vilisomwa na nani, kwa sauti au kimya, na mbele ya nani. Majibu ya maswali hayo hupatikana zaidi katika maandishi ambayo hayakukusudiwa kuyajibu, yaani barua na shajara, ambayo ni daftari la mtu la kuandikia mambo ya kila siku.

Mfano unaojulikana sana ni wa Samuel Pepys, ofisa wa serikali ya Uingereza aliyeandika shajara kwa hati ya mkato tangu 1660 hadi 1669. Maktaba yake ya vitabu takriban 3,000 ingali imehifadhiwa Cambridge, na mtu aliyeikagua rafu kwa rafu angeweza kudhani kwamba amekwisha kumjua msomaji huyo. Shajara inaongeza jambo ambalo rafu haziwezi kulisema: Februari 1668 Pepys alinunua kitabu cha Kifaransa cha mambo ya faragha, akachagua nakala yenye jalada la kawaida, akakisoma, kisha akakichoma moto ili kisije kikaonekana miongoni mwa vitabu vyake. Kwa kutambua thamani ya ushahidi wa aina hii, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza mwaka 1996 kukusanya taarifa za usomaji wa Waingereza kati ya 1450 na 1945, na mkusanyo huo umepita taarifa 30,000.

Kwa wakazi wa Ibighi na kata nyingine za Tukuyu, mlango wa karibu wa kuingilia katika somo hili ni misheni ya Rungwe, iliyoanzishwa na Wamoraviani wa Ujerumani mwaka 1891 chini ya mlima wenye jina hilo. Wamoraviani walikuwa watu wa kuandika kuliko madhehebu mengi. Mila yao ilimtaka kila muumini aache wasifu, yaani maelezo ya maisha yake ya kusomwa siku ya mazishi yake, na vituo vyao vya misheni viliandika shajara na taarifa zilizotumwa makao makuu ya Herrnhut. Tangu karne ya 18, shajara kutoka vituo vya mbali zilinakiliwa huko kwa mkono na kusambazwa katika sharika, zikasomwa kwa sauti mbele ya waumini. Shajara yenyewe, kwa hiyo, ilikuwa chombo cha kusomwa, na jambo hili linamtaka mtafiti awe macho: mmisionari aliyejua kwamba maneno yake yatasikiwa na waumini waliochangia kazi yake alikuwa na kila sababu ya kumtaja mwanafunzi aliyesoma vizuri na kumpitia haraka aliyeacha darasa msimu wa kilimo.

Kuna mtego mwingine, mkubwa zaidi. Wamoraviani hutumia kitabu kidogo chenye mstari wa Biblia kwa kila siku ya mwaka, ambacho kilichapwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731 na kinaendelea kutolewa hadi leo. Ni miongoni mwa vitabu vilivyosomwa kwa uaminifu mkubwa katika nyumba zao, lakini ni nadra mtu kuandika kwamba leo amekisoma, kama ambavyo hakuna anayeandika kwamba leo amenawa uso. Dalili yake ni mstari wa siku ulionukuliwa pembeni mwa tarehe, bila maelezo. Kinachosomwa kila siku hutajwa kidogo, ilhali kitabu kigeni kilichomshangaza mtu mara moja hujaza ukurasa mzima, na anayehesabu majina ya vitabu yanayotajwa bila kuzingatia tofauti hiyo atapata picha iliyopinduka.

Mazingira ya kusoma nayo huonekana. David Livingstone, alipokwama Manyema, mashariki ya Kongo, aliandika kwamba akiwa huko alikuwa ameisoma Biblia yote mara nne, taarifa inayohusu uchache wa vitabu alivyokuwa navyo na urefu wa kungoja kwake kama inavyohusu imani yake. Mwaka 1871 karatasi zilipomwishia aliandika shajara juu ya gazeti la London la Novemba 1869, akapitisha mistari yake kukatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mmea wa huko. Gazeti likawa limegeuka daftari. Alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, aliyesoma ibada ya maziko alikuwa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Wainwright naye aliandika shajara yake, jambo linalostahili kusisitizwa, kwa kuwa katika kumbukumbu za wageni msomaji wa Kiafrika kwa kawaida huonekana kwa pembeni tu, akiwa mwanafunzi au mbeba mizigo.

Msomaji huyo wa Kiafrika anaposema mwenyewe zaidi ni katika magazeti ya Kiswahili. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, Pwani na Bara likafuata Dar es Salaam mwaka 1910 chini ya Misheni ya Berlin, na Januari 1923 serikali ya Waingereza ikaanzisha Mambo Leo. Barua zilizochapwa humo, pamoja na mashairi, zilibeba jina la mwandishi na mahali anapokaa, hivyo mtafiti anaweza kufuatilia Kiswahili cha kuandikwa kilivyopanda kutoka pwani hadi nyanda za juu, ambako watu walizungumza Kinyakyusa majumbani mwao. Mwandishi wa barua anayejibu hoja ya toleo lililopita amethibitisha kwamba gazeti lilimfikia, kwamba alilisoma kwa makini, na kwamba alijiona ana haki ya kubishana nalo. Hakuna orodha ya wanunuzi iwezayo kusema hayo yote.

Barua za nyumbani zina desturi yake. Miaka ya 1930 vijana wengi wa Rungwe walikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na pale ambapo mwandikiwa hakujua kusoma, barua ilipita kwa mtu wa tatu, akaisoma kwa sauti. Salamu ndefu kwa majina, ambazo leo huonekana kama mapambo, zilikuwa na kazi: kila aliyekuwapo alingoja kusikia jina lake.

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wilayani Rungwe, wakisaidiwa na karani na mkalimani Leonard Mwaisumo. Barua na madaftari yao yamo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mbali sana na watu yanaowahusu. Barua za mshairi Shaaban Robert za 1931 hadi 1958, kwa upande wake, zimechapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kwa sababu mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliyeandikiwa, alizitunza. Barua hukaa kwa aliyeipokea, hivyo anayetafuta usomaji wa vijana wa Lupa atapata zaidi katika masanduku ya Ibighi na Rungwe kuliko Chunya.