Kula Kete au Kufikisha Kete

Miongoni mwa michezo ya ubaoni iliyozoeleka katika miji ya Kongo, ludo una mahali pake pa heshima. Na katika Likasi, mji wa shaba ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Jadotville, na ambao mitaa yake ya Kikula, Panda na Shituru ililea vizazi vya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, kisha wa Gécamines, mchezo huu unawafaa sana watu waliotoka kazini, kwa kuwa hautaki gharama: ubao, dadu moja, na vizibo vya chupa vilivyopakwa rangi nne endapo kete zenyewe hazipo. Asili yake ni Bara Hindi, katika pachisi, mchezo uliochezwa kwa kauri badala ya dadu. Waingereza wakaurahisisha na kuusajili mwaka 1896, na Wafaransa na Wabelgiji nao wanao ndugu yake, petits chevaux.

Kanuni zake hata mtoto huzijua. Kila mchezaji ana kete nne. Kete haitoki mpaka dadu ioneshe sita. Ikitoka huzunguka njia ya vyumba 52, kisha huingia katika ujia wa rangi yake mpaka katikati ya ubao. Kete ikiangukia chumba cha kete ya mwingine, huila, nayo iliyoliwa hurudi ilikoanzia. Hapo ndipo fitina ya mchezo ilipo, maana dadu ni moja, na kila hatua unayoitumia kumwinda mwenzio ni hatua uliyoinyima kete nyingine iliyokuwa ikitamani kufika.

Aghalabu mchezaji, akiona kete ya kuliwa, huila papo hapo, na watazamaji humshangilia. Nami nasema, bila kusita, kwamba hamaki hiyo ndiyo iwashindishayo wengi. Natuchukue mfano. Mwekundu amekwisha kutembea hatua 40, na dadu imemtolea nne. Mbele yake, katika chumba cha 44 kwa hesabu yake, imesimama kete ya samawati iliyotoka juzi tu na kutembea hatua tano. Lakini katika chumba cha 41 yupo wa manjano, na katika cha 43 yupo wa kijani. Akila, samawati amepoteza hatua tano na ile sita ya kutokea, basi. Ilhali yeye mwekundu amejiweka mbele ya maadui wawili, ambao kila mmoja ana bahati moja katika sita ya kumpiga, na kwa pamoja bahati 11 katika 36, ambayo inakaribia theluthi. Zidisha bahati hiyo kwa hatua 44 alizozitolea jasho, utapata hasara ya makadirio inayozidi hatua 13, kwa ajili ya pato la tano. Kumbe angalitumia ile nne kwa kete nyingine na kubaki pale pale chumba cha 40, manjano na kijani wangalibaki mbele yake, yeye akiwa mwindaji wala si mawindo, na huenda mmoja wao angalimla samawati kwa niaba yake.

Lipo na jambo la pili, ambalo wengi hawalitii maanani. Katika mchezo wa watu wanne, pigo lako humuumiza mmoja, lakini faida yake mnaigawana watatu, na hatari unaibeba peke yako. Kwa hiyo mwenye kustahili kuwindwa ni yule anayeongoza, aliyekwisha kufikisha kete mbili au tatu na ya mwisho iko karibu na ujia wake. Huyo akiachwa, mchezo umekwisha, na hapo woga ni kosa kubwa kuliko ghadhabu. Mkicheza wawili tu, hesabu hubadilika, maana kila anachopoteza mwenzio ni chako kitupu.

Wala usisahau thamani ya sita. Kwa wastani huja mara moja katika kurusha mara sita, lakini bahati ya kurusha mara sita pasipo kuiona inafika theluthi moja. Mwenye kete moja tu njiani, ikiliwa, huketi akiwatazama wenziwe. Mwenye kete mbili au tatu njiani huendelea kutembea, dadu yake haipotei bure. Ndiyo maana namwona mwenye busara ni yule anayetoa kete ya pili mapema kabla ya kuanza kutafuta ugomvi.

Basi, msomaji, kabla dadu haijarushwa, pataneni kwanza kama mlaji hupewa kurusha tena, kwani nyumba hii hukubali na nyumba ile hukataa. Palipo na ruhusa hiyo, mlaji hupata hatua tatu na nusu zaidi kwa wastani, na huweza kuikimbiza kete yake kutoka hatarini, hata kula kulikokuwa upumbavu kukawa halali. Pasipo nayo, kete ya samawati iacheni ipite.