Kabla ya kusaini bima ya elimu

Wakala wa bima ya elimu ana maneno matamu, na kwa watoto wengi yana mashiko: unalipa kila mwezi, mtoto akiingia sekondari au chuo, pesa zinatoka. Ila ratiba hiyo ilipangiwa mtoto anayepanda darasa kila mwaka. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji pesa nyingi akiwa na miaka 3, halafu tena akiwa na 30. Na mzazi akikwama kulipa miaka ya mwanzo, mara nyingi huambulia kidogo au patupu. Mimi singeanzia hapo.

Ningeanzia kwenye gharama za wiki. Tuseme familia ya Nakuru inampeleka mtoto kwenye mazoezi ya viungo mara 2 kwa wiki, kila kikao Sh1,500. Hizo ni Sh12,000 kwa wiki 4, kabla ya nauli, na kiti cha magurudumu kwenye matatu mara nyingi hulipishwa kama abiria. Pesa za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwenye ulemavu mkubwa ni Sh2,000 kwa mwezi. Hazifikii vikao viwili. Ziombe hivyo hivyo. Lakini nafuu kubwa zaidi iko kwingine: mtaalamu akikubali kikao 1 kwa wiki na kukufundisha mazoezi ya nyumbani, Sh6,000 zimebaki mfukoni. Kabla ya kununua kiti chenyewe, msajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa hutoa vifaa saidizi.

Upande wa matibabu, bima ya afya ya umma ya Kenya, SHA, hukata 2.75% ya mshahara, yaani Sh1,100 kwa anayelipwa Sh40,000. Wengi wanailalamikia, na wana sababu, lakini ina jambo moja ambalo bima nyingi za kampuni hazina: mtoto mwenye ulemavu anayekutegemea na kuishi nawe hatolewi kwa sababu amekuwa mtu mzima. Bima za kampuni nyingi huweka ukomo wa umri, na magonjwa ya kuzaliwa nayo huyapangia kiasi kidogo. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa kabla ya ule wenye picha ya familia inayotabasamu.

Akiba nayo? Mfuko wa soko la fedha unakuruhusu kutoa pesa ndani ya siku chache, na riba yake hukatwa kodi ya 15%. Huo ni wa dharura. Sacco ni nzito kutoka, lakini nguvu yake iko kwenye mkopo. Sh10,000 kwa riba ya 1% kwa mwezi zinakugharimu Sh100 mwezi wa kwanza. Mkopo wa simu wa siku 30 wenye ada ya 7.5% unakula Sh750. Mtoto anayelazwa mara tatu kwa mwaka anaufanya mwanya huo uwe karo ya ndugu yake.

Sasa fomu ya Sacco ina nafasi ya jina la mrithi, na wazazi huijaza wakiwa wamesimama kaunta. Ukimwandika mtoto mwenyewe, hawezi kupokea. Ukimwandika mjomba, pesa zinaingia mkononi mwake bila masharti. Andika wosia, utaje wasimamizi wawili, na atakayemlea mtoto asiwe peke yake kwenye pesa. Sheria ya Urithi yenyewe haimwachii mtu mmoja mali inayoshikiliwa kwa niaba ya mtoto usipoacha wosia, isipokuwa Mdhamini wa Umma au taasisi ya udhamini.

Amana ya familia (trust) ni hatua ya juu zaidi, na ina ada za wakili na kazi ya hesabu za kila mwaka. Kwa akiba ya Sh300,000 ada hizo zitaitafuna. Kwa ploti yenye nyumba sita za kupangisha inastahili gharama yake, maana wapangaji wataendelea kulipa kila tarehe 5, na lazima awepo wa kupokea.