Nishati safi ya kupikia: mfugaji, kabla ya kuhesabu mtungi hesabu kwanza banda lako

Siku hizi ukienda mkutano wa kijiji hukosi kusikia "nishati safi ya kupikia". Sio maneno matupu. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku chache baadaye alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilo hilo barani Afrika, na pale zikaahidiwa dola bilioni 2.2.

Tatizo ni kwamba kijijini "nishati safi" imeshageuka jina la mtungi wa gesi. Mkakati wenyewe unataja pia umeme, mkaa mbadala na bayogesi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi wenye mifugo, na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote.

Safi kwa nani?

Gesi ya mtungi ni safi jikoni, hilo halina ubishi. Inamwondolea mama moshi na safari ya kuni. Anayeishi mjini, au asiye na ng'ombe, aichukue. Lakini ni zao la mafuta ya petroli na inakuja kwa meli. Bei ya dunia ikipanda, au dola ikipanda, inakufuata hadi jikoni.

Hata kodi inaweza kukufuata. Kwa jirani zetu Kenya, Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Gesi ni ile ile, uamuzi wa wakubwa ndio uliobadilika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na ni jambo jema. Ila ukiisha, kuujaza tena ni juu yako.

Hesabu ya banda

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe mmoja wa maziwa anayefugwa ndani anakupa takriban kilo 20 hadi 25 za kinyesi kwa siku. Kilo 25 hadi 30 zinatoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi. Hiyo inawasha jiko la pleti moja kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo ng'ombe wawili wanaolala na kushinda bandani wanatosha kupikia familia ya kawaida.

Kama ng'ombe wako wanashinda malishoni, utaokota kinyesi cha usiku tu, na hesabu inabadilika kabisa. Usijidanganye hapo.

Halafu kuna faida ambayo mtungi hauna: tope linalotoka mtamboni. Mbolea haikuungua, iliyotoka ni gesi tu. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zimebaki, na mmea unazipata haraka kuliko kwenye samadi mbichi. Lihifadhi kivulini na ulifunike, maana jua linapeperusha naitrojeni. Mwaga kwenye mifereji ya migomba au majani ya tembo, kisha fukia.

Kwa nini basi bayogesi haisemwi?

Mtungi unagawiwa asubuhi, picha zinapigwa, mchana kazi imekwisha. Mtambo wa bayogesi unataka fundi aliyefunzwa, tofali na saruji, na mtu wa kurudi mwakani kuukagua. Kisiasa haung'ai.

Na sio kitu kigeni. SIDO ilianza kujenga mitambo hii mwaka 1975. CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa bayogesi za majumbani. Mitambo maelfu ilijengwa. Palipoyumba ni baada ya ujenzi: bomba likiziba au kuba likipasuka na fundi hayupo, familia inarudi kwenye kuni. Fundi wa karibu ndiye sera inayokosekana.

Kabla hujachimba

1. Maji yapo? Kila ndoo ya kinyesi inataka ndoo moja ya maji kila siku. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo.
2. Jenga karibu na banda, na jikoni pasiwe mbali. Mtambo wa mbali na banda hausukumwi kinyesi kila siku, hata uapishwe.
3. Usiingize maji ya sabuni, dawa ya kuogeshea, wala kinyesi cha ng'ombe aliyetoka kuchomwa antibiotiki. Vitaua vijidudu vinavyotengeneza gesi.
4. Gesi ya kwanza mara nyingi haiwaki. Iachie itoke nje, mbali na moto, usubiri inayofuata.
5. Tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe sio kwa kiberiti. Na ujue kwamba sehemu kubwa ya gesi hii ni methani. Katika miaka 100 inapasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Mtambo unaovuja hauisaidii tabianchi, unaiumiza.
6. Sehemu za baridi za milimani gesi hupungua. Mwambie fundi akujengee tangi kubwa zaidi.

Ukiletewa karatasi ya kusaini

Miradi mingine inatoa jiko au mtambo kwa bei nafuu, kisha inauza kaboni iliyookolewa. Sio wizi, ni biashara halali, na nchi yetu ina kanuni zake za mwaka 2022. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo SUA, Morogoro. Ila soma kabla ya kusaini. Uliza: kaboni ya jiko langu ni ya nani, kwa miaka mingapi, na mimi napata nini zaidi ya punguzo? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, usisaini.

La kupeleka kwenye mkutano

Diwani akija kuzungumzia nishati safi, msiishie kupiga makofi na kuandikisha majina ya mitungi. Mwulizeni mambo matatu. Wilaya yetu ina mafundi wangapi wa bayogesi? Je, mwenye ng'ombe anaweza kupata ruzuku au mkopo wa mtambo kama anavyopata wa mtungi? Na halmashauri imetenga nini kwa matengenezo?

Kama vijana wawili wa kijiji wakifunzwa ufundi huo, tayari mna ajira, mna gesi, na mna mbolea shambani. Na ng'ombe wanaendelea kunya kila siku, dola ipande ishuke.