Nani Alilala Hapa? Usiku wa Sensa Dodoma, Agosti 2022

Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania hupima dakika moja tu. Kwa sensa ya 6 tangu Muungano, dakika hiyo ilikuwa saa 6 usiku wa Jumatatu tarehe 22 kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti 2022. Makarani waliendelea kupita nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa baadaye, lakini popote walipobisha hodi, Kizota au Kongwa, Manyoni au Kondoa, swali la msingi halikubadilika: usiku ule nani alilala hapa? Aliyehamia Alhamisi hakuwahusu. Aliyesafiri Jumanne asubuhi aliwahusu, hata kama wakati huo alishafika Mwanza.

Kwa hiyo sensa hii haihesabu raia, wala wenyeji wa mahali, wala waliosajiliwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Inahesabu waliolala nchini. Mgeni kutoka ng'ambo aliyepanga gesti mjini Dodoma aliingia kwenye hesabu ya Dodoma. Mzaliwa wa Mpwapwa aliyekuwa amelala Minnesota hakuingia, awe na pasipoti ya Tanzania au asiwe nayo. Utaratibu huu unaweza kuonekana mkavu, lakini una faida kubwa kuliko ukavu wake: kila mtu ana mahali pamoja tu alipolala usiku mmoja, na hilo humwepusha na kuhesabiwa mara mbili au kusahaulika kabisa.

Karani hufafanuliwa mipaka ya dakika hiyo kabla hajaenda kazini. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa 6 usiku anahesabiwa, na aliyezaliwa nusu saa baadaye atasubiri miaka 10. Mtu aliyefariki jioni ya Jumatatu haandikwi kati ya walio hai, ila aliyefariki alfajiri ya Jumanne anaandikwa, maana saa 6 ilipofika alikuwa bado na uhai. Kuandika jina la mtu ambaye matanga yake yanakaliwa uani si jambo jepesi kwa karani wala kwa wafiwa, lakini dodoso halitoi nafasi ya kukwepa.

Kuna wale ambao usiku huo hawakulala kabisa. Mlinzi aliyekesha getini, muuguzi wa zamu, askari wa doria na mvuvi aliyekuwa bwawani Mtera, wote huhesabiwa kwenye kaya ambako wangelala kama kazi isingewakesheza. Wasafiri, wageni wa hoteli na gesti, wagonjwa waliolazwa, wafungwa, wanafunzi wa bweni na watu wasio na makazi huhesabiwa kwa utaratibu wao, pale walipokutwa. Makarani wa makundi haya ndio walioanza kazi usiku wenyewe, kabla wenzao wa mitaani hawajaamka. Mwaka 2022 mabasi ya mikoani yalikuwa bado hayaruhusiwi kukimbia usiku kucha, na ruhusa ya safari za saa 24 ilitoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo sehemu kubwa ya abiria walikuwa wamelala vituoni na kwenye gesti za kandokando, jambo lililowarahisishia makarani kazi. Treni ya umeme nayo ilikuwa haijaanza kubeba abiria, na wasafiri wa Kigoma na Mwanza walikuwa bado wakipitia Dodoma kwa reli ya kati ya zamani.

Jumanne hiyo ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko nchi nzima ili watu wabaki nyumbani. Asubuhi, Rais Samia Suluhu Hassan alihesabiwa pamoja na familia yake Ikulu ya Chamwino. Kwenye vitongoji, karani alifika akiongozana na kiongozi wa mtaa au kitongoji, mkononi kashika kishikwambi badala ya rundo la karatasi, kwa kuwa hii ilikuwa sensa ya kwanza nchini kukusanya majibu kwa njia hiyo. Wakuu wa kaya walikuwa wameshauriwa mapema kuweka kumbukumbu za waliolala kwao, na ushauri huo ulikuwa wa maana. Karani aliyefika siku ya 4 alikuta kaya inajitahidi kukumbuka kama shangazi aliyekuja kuuza karanga alilala usiku ule au aliondoka kabla ya magharibi. Baada ya hapo yalifuata maswali mengine mengi, kuanzia umri, elimu na ulemavu hadi choo, paa na mifugo. Anayehojiwa katikati ya kazi za nyumbani huona yanachosha, na ana haki ya kuona hivyo.

Ugumu halisi katika uwanda wa kati unaanzia kwenye neno "hapa" ndani ya swali lile. Kwa sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, hata kama hawana undugu. Tembe la Kigogo, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa la udongo lililo bapa, huzunguka zizi pande mbili, tatu au zote nne, na milango yake yote hufunguka kwa ndani. Mzee mwenye wake watatu anaweza kuwa na chumba cha kila mke kwenye tembe hilo hilo, na kila mke ana ghala lake na jiko lake. Kwa macho ya mpita njia hiyo ni nyumba moja. Kwa karani, majiko matatu yanayojitegemea ni kaya tatu, na mzee huandikwa kwenye moja tu, ile aliyolala usiku wa kuamkia Jumanne. Swali linaloulizwa kwa nia njema kabisa huweza kuleta kicheko, au kimya, mbele ya wake wote watatu.

Wafugaji nao wana mambo yao. Agosti ni katikati ya kiangazi: mavuno ya mtama na uwele yameshaingia ghalani, upepo wa baridi unavuma, na malambo yanakauka. Vijana huondoka na ng'ombe kufuata maji na malisho, mbali na maboma ambako majina yao yanajulikana. Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama mkoani Singida, huishi kwenye kambi zinazohama kufuata chakula cha porini. Kwa watu kama hao, mahali pa kulala ndio ushahidi pekee wa anwani, na hapo utaratibu wa usiku mmoja unawafaa kuliko wangeulizwa kijiji chao ni kipi.

Ila Agosti haikuchaguliwa ili kuwakwaza wafugaji. Tangu mwaka 1967 sensa zote 6 za Jamhuri ya Muungano zimefanyika mwezi huo: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ni wakati wa ukavu, barabara za vijijini zinapitika na mito ya msimu haina maji. Mtu aliyewahi kukwama ng'ambo ya korongo la Bahi mwezi Februari hahitaji maelezo zaidi. Pia kurudia mwezi ule ule kila mara kunawezesha takwimu za miaka tofauti kulinganishwa, bila uhamaji wa msimu kuingilia.

Kabla ya 1967, watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza walifanya hesabu zao, nyingine zikitegemea makadirio ya machifu na maofisa. Hesabu ya 1948 ndiyo inayochukuliwa kuwa sensa ya kwanza ya kitaalamu Tanganyika, ikifuatiwa na ya 1957. Ya 1967 ilikuwa ya kwanza baada ya Uhuru na Muungano, na ilikuta watu milioni 12.3 nchini, takriban 709,000 kati yao mkoani Dodoma.

Karani wa mwaka ule alikutana na wazee wengi wasiojua mwaka waliozaliwa. Kwa hali kama hiyo makarani hutumia orodha ya matukio: mzee hukumbuka jambo kubwa lililotokea utotoni mwake, na karani hukokotoa umri. Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, una hazina ya matukio ya namna hiyo, mengi yake ya huzuni, kwa sababu njaa kubwa zilipewa majina kama watu wanavyopewa. Inayotajwa zaidi ni Mtunya, njaa iliyofuatia Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya pande mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Maelfu ya Wagogo walikufa au kutawanyika. Aliyesema alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa Mtunya alikuwa ameshataja umri wake vya kutosha. Kwa vizazi vilivyofuata orodha ilisogea: Uhuru wa 1961, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine mwaka 1984.

Kati ya sensa ya 1967 na ya 1978, ramani ya makazi ya Dodoma ilibadilishwa kabisa. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwaondoa Wagogo kwenye matembe yaliyotawanyika, kila familia karibu na mashamba na malisho yake, na kuwakusanya kwenye vijiji vya ujamaa. Rais Julius Nyerere mwenyewe alishiriki kazi na wanakijiji wa Chamwino. Karani wa 1978 alikuta nyumba zilizopangwa kwa mistari, zenye viongozi wanaojulikana, mahali ambapo mtangulizi wake alitembea nusu siku kufuata moshi wa tembe moja. Kazi ya kuhesabu ilirahisika, ila waliobeba ugumu wa mabadiliko hayo ni waliohamishwa.

Si kila sensa ilipita kwa utulivu. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa, wakidai kipengele cha dini kiwemo kwenye dodoso. Serikali ilikataa, kama ilivyofanya tangu swali hilo liondolewe baada ya 1967. Kwa sensa ya 2022, Spika mstaafu Anne Makinda aliteuliwa kuwa Kamisaa wa Sensa, na miezi ya kabla ya Agosti ilitumika zaidi kuhamasisha kuliko kutishia.

Kwa Watanzania walio nje, utaratibu huu unagongana na ule wa nchi wanakoishi. Marekani huuliza mtu anaishi wapi kwa kawaida ifikapo tarehe 1 Aprili; sensa yake ya mwisho ilikuwa mwaka 2020. England na Wales ziliuliza hivyo hivyo kwa tarehe 21 Machi 2021, na mgeni aliyelala usiku huo aliandikwa pembeni tu. Afrika Mashariki imeshikilia usiku. Kenya ilitumia usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, ikaamuru baa zifungwe mapema ili watu walale majumbani mwao, na Uganda ikatumia usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei 2024. Kwa hiyo mkazi wa London aliyekuja likizo Dodoma Agosti 2022 yumo kwenye hesabu za nchi zote mbili kihalali, na jirani yake ambaye hakupata nauli yumo kwenye ya Uingereza peke yake. Dodoso la Tanzania huuliza pia kuhusu wanakaya wanaoishi nje ya nchi, lakini watu hao hawajumlishwi kwenye idadi ya watu wa taifa.

Matokeo yalitangazwa tarehe 31 Oktoba 2022 kwenye Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma: watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Ni ongezeko la asilimia 37. Mkoa wa Dodoma ulitoka 2,083,588 na kufika 3,085,625, na Jiji la Dodoma peke yake lilitoka 410,956 hadi 765,179.

Wengi walikimbilia kusema ongezeko hilo limeletwa na serikali kuhamia Dodoma kuanzia 2016. Takwimu zenyewe zinataka uangalifu zaidi. Mkoa wa Dodoma uliongezeka kwa asilimia 48, lakini Tabora, isiyopokea wizara hata moja, nayo iliongezeka kwa asilimia 48, na Singida kwa zaidi ya 46. Uwanda wote wa kati ulikuwa ukikua haraka kuliko nchi, kwa uzazi na kwa watu kutafuta ardhi ya kulima na kulishia mifugo. Athari ya makao makuu inaonekana ndani ya jiji, lililokua kwa asilimia 86 na kubeba zaidi ya theluthi ya ongezeko la mkoa mzima. Nje ya jiji, huko Chemba, Bahi na Kongwa, hadithi ni ile ile ya Tabora.

Hesabu ya usiku huo imeshaanza kuchora mipaka. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vikuu vya kugawa majimbo, na Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8, jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa na kupatikana jimbo la Mtumba, ambako ndiko ulikojengwa Mji wa Serikali.