Kalendula ya uani yakutana na vyeti vya Namanga

Mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba, iwe Tengeru au Limuru, anaweza kupanda kalendula na kuigeuza kuwa mafuta ya kupaka bila mashine yoyote. Kazi huanza mzigo unapoelekea Namanga. Ua lile lile linaweza kuhesabiwa kuwa zao, mbegu au kipodozi, kutegemea limefika mpakani katika hali gani.

Kabla ya vyeti kuna suala la ua lenyewe. Kalendula, ambayo wataalamu huiita Calendula officinalis, huchanganywa mno na Tagetes, yale maua ya manjano yanayopandwa kando ya mboga kufukuza wadudu. Yote mawili huuzwa kwa jina la marigold, lakini hayafanyi kazi moja. Jani la kalendula ni refu, zima na lina vinyweleo. La Tagetes limechanika kama unyoya. Mbegu ya kalendula imejikunja kama ukucha, ya Tagetes imenyooka na ni nyembamba. Anayenunua gunia la maua makavu bila kuona mbegu wala majani ananunua kwa imani tu.

Asili ya kalendula ni nchi za Mediterania, hivyo nyanda za juu huifaa kuliko joto la pwani. Mbegu hufukiwa sentimita moja, miche hupewa nafasi ya sentimita 25 hadi 30, na maua huanza kutoka baada ya miezi miwili hivi. Huchumwa asubuhi umande ukishakauka, kila baada ya siku mbili au tatu. Ukiacha kuchuma, mmea huhamia kwenye mbegu na maua hupungua. Vidole vikinata, utomvu upo wa kutosha.

Wengi huharibu kwenye ukaushaji. Petali hukauka haraka kivulini, lakini kitovu cha kijani hubaki na maji kwa siku kadhaa zaidi. Ua kama hilo likilowekwa kwenye mafuta ya alizeti, chupa huota ukungu. Maua yaliyokauka kabisa hukaa kwenye mafuta wiki nne hadi sita, huchujwa, kisha huchanganywa na nta ya nyuki iliyoyeyushwa, takriban sehemu moja ya nta kwa nne au tano za mafuta.

Mpakani, maua makavu ni zao la shambani na huhitaji cheti cha afya ya mimea, kutoka TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaompa mfanyabiashara cheti chepesi cha uasilia kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hauondoi sharti hilo, tena unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha tu. Orodha iulizwe forodhani kabla ya kununua mzigo. Mbegu zina masharti yake, hata zikiwa kiganja kimoja kwenye pochi.

Kopo la mafuta ni kipodozi. Tanzania, tangu 2019, usajili wa vipodozi uko TBS, na mjasiriamali mdogo huanza kwa barua ya utambulisho ya SIDO. Alama ya ubora ikishapatikana, sheria ya Jumuiya ya 2006 inazitaka nchi wanachama kuitambua. Safari ya barua hiyo huwashinda wengi, nao huvusha makopo kwenye begi la nguo.

Lebo nayo ina mtego. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kalendula kwa uvimbe mdogo wa ngozi na vidonda vidogo, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi. Anayeandika “inatibu” amehamisha kopo lake kutoka vipodozi hadi dawa, na hapo TMDA au Bodi ya Famasia ya Kenya ndiyo itakayouliza maswali. Wenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti waonywe kwenye lebo hiyo hiyo.

Petali zenyewe hutiwa kwenye wali kuupa rangi. Ziuzwe kwa jina lake: kuziita zafarani ni udanganyifu wa zamani sana, na mpishi wa pilau huugundua kwenye harufu.