Utaratibu wa timu: ukunje, usiuvunje!

Bosi karudi semina na utaratibu mpya. Ubao umebandikwa ukutani, na kila asubuhi mnasimama dakika 15 kuambiana nani anafanya nini. Wiki ya kwanza raha tupu. Wiki ya nne watu wanachelewa, wengine wamenuna. Je, tatizo ni utaratibu au ni nyie?

Mara nyingi tatizo ni kushika kanuni na kusahau sababu yake. Chukua Scrum, mfumo ambao Wamarekani Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutambulisha mwaka 1995, na ambao watengeneza programu wengi wanautumia. Kile kikao cha dakika 15 hakikuwekwa ili watu wajieleze kwa bosi. Kazi yake ni timu kupanga siku na kuona vikwazo mapema. Kikigeuka foleni ya kuripoti, mnapoteza muda tu.

Kwa hiyo kabla ya kubadili kanuni yoyote, ulizaneni: hii inalinda nini? Mwenzenu ananyonyesha na saa mbili asubuhi hawezi kufika? Sogezeni kikao hadi saa nne. Lakini mkikifuta kabisa, nani atajua kazi imekwama? Mwongozo wa Scrum wa mwaka 2020 unakiri kwamba mfumo umeachwa wazi makusudi, timu ijazie yenyewe. Ila unaonya pia: ukitoa sehemu za msingi, kilichobaki siyo Scrum tena.

Wachumba, hili linawahusu pia. Kamati ya harusi nayo ni timu, ina mwenyekiti, katibu, mhazini na vikao vya kila wikiendi. Wajumbe wamechoka? Punguzeni vikao, michango itumwe kwa simu, taarifa ziende WhatsApp. Poa kabisa. Lakini hesabu ya mhazini isomwe mbele ya wote, kila mara. Kikao kilikuwa kinalinda imani ya waliochanga, na imani hiyo ikipotea, lawama mtazibeba hadi ndani ya ndoa.

Mkishabadilisha, jipeni wiki mbili za kujaribu, kisha kaeni mseme ukweli: imesaidia au tumejirahisishia tu? Aliye kimya aulizwe kwanza. Mara nyingi yeye ndiye anayebeba mzigo ambao wengine wameutua.